Ikwesheni ya ioni imegoma: dalili, chanzo, na pa kuanzia kucheki

Malalamiko kuhusu ikwesheni za ioni (zinazoonyesha ioni, yaani atomu au vikundi vya atomu vyenye chaji, badala ya fomula nzima) ni yaleyale kila siku. Mmoja anasema kakata ioni zote hajabakiwa na kitu, mwingine atomu zimekaa sawa ila chaji zinamkatalia, mwingine jibu lake linafanana kabisa na la kitabu lakini ticha kampiga mkasi. Ukizifuatilia kesi moja moja unakuta karibu zote kosa halipo kwenye mstari wa mwisho anapohangaika mtu, limezaliwa huko juu, kwenye fomula au kwenye uamuzi wa nini kivunjwe na nini kiachwe. Ndo maana ukikwama usianze kuchezea namba za mwisho, panda juu kwanza.

Ili tuwe ukurasa mmoja, njia yenyewe ni hii. Andika ikwesheni ya kawaida yenye fomula kamili, ibalansi. Weka alama za hali: (aq) kwa kilichoyeyuka kwenye maji, (s) yabisi, (l) kimiminika, (g) gesi. Vunja kuwa ioni zile za (aq) tu ambazo kweli zinaachana zote au karibu zote zikiwa kwenye maji. Kata ioni zilizo sawasawa pande zote mbili, hizo ndo ioni watazamaji. Kinachobaki ndo ikwesheni ya ioni halisi, unacheki atomu, halafu unacheki chaji. Wengi wanaishia kwenye atomu, tutalirudia hilo.

Dalili: nimekata kila kitu, hakijabaki kitu

Kabla hujajilaumu, cheki kama kuna mmenyuko wenyewe. NaCl(aq) ukichanganya na KNO₃(aq) unapata ioni nne zinazoogelea, Na⁺, Cl⁻, K⁺, NO₃⁻, na zitaendelea kuogelea hivyohivyo. Hakuna mashapo (yabisi inayojitenga ndani ya mmumunyo), hakuna gesi, hakuna maji yanayotengenezwa. Jibu ni "hakuna mmenyuko" na ni jibu kamili, usilazimishe kitu kitokee kwa sababu tu swali limesema andika ikwesheni. Hivyohivyo shaba ndani ya asidi haidrokloriki iliyopunguzwa makali, shaba iko chini ya haidrojeni kwenye safu ya utendaji wa metali (orodha ya metali kwa nguvu ya kumenyuka), itakaa pale inang'aa tu.

Kama mmenyuko upo, basi chanzo kinachoongoza ni mashapo kuwekewa (aq). AgNO₃ na NaCl zinatoa AgCl, na AgCl ni yabisi nyeupe, haiyeyuki. Ukiiandika (aq) utaivunja kuwa Ag⁺ na Cl⁻ halafu utaikata yote na ukurasa unabaki mweupe. Sahihi ni:

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Hapa lazima uwe na kanuni za kuyeyuka kichwani au jedwali mezani. Naitreti zote zinayeyuka. Chumvi zote za sodiamu, za potasiamu na za amoniamu zinayeyuka (kwa ngazi ya sekondari chukulia hivyo bila wasiwasi). Kloraidi, bromaidi na iodaidi zinayeyuka isipokuwa za fedha na za risasi, ingawa PbCl₂ inayeyuka kwenye maji ya moto na maji yakipoa inarudi kuwa fuwele. Salfeti zinayeyuka isipokuwa ya bariamu na ya risasi, ile ya kalsiamu inayeyuka kidogo sana. Kaboneti na fosfeti haziyeyuki, ukitoa zile za sodiamu, potasiamu na amoniamu. Haidroksaidi nyingi haziyeyuki, zinazoyeyuka ni ya sodiamu, ya potasiamu na ya bariamu, na ya kalsiamu kidogo. Ukishika naitreti, sodiamu, potasiamu na amoniamu tu, tayari unaweza kuwatambua watazamaji wengi bila hata kufungua jedwali, maana ndo hao hao wanaotokea kwenye maswali.

Chanzo cha mwisho hapa hakitokei sana: umeyavunja maji. HCl na NaOH zikikutana zinatengeneza H₂O(l), mtu anaivunja tena kuwa H⁺ na OH⁻ kisha anakata. Maji yaache mazima.

Dalili: atomu ziko sawa lakini chaji zimegoma

Hii ndo inayotesa wengi, na ubaya wake ni kwamba asiyecheki chaji hata hajui kama ana tatizo. Angalia hii:

Cu(s) + Ag⁺(aq) → Cu²⁺(aq) + Ag(s)

Hesabu atomu: shaba moja kwa moja, fedha moja kwa moja, safi kabisa. Hesabu chaji sasa: kushoto +1, kulia +2. Imevunjika. Shaba moja inaachia elektroni mbili, kila ioni ya fedha inapokea moja, kwa hiyo zinahitajika ioni mbili za fedha:

Cu(s) + 2Ag⁺(aq) → Cu²⁺(aq) + 2Ag(s)

Kushoto +2, kulia +2. Na hapa kuna jambo linachanganya watu, chaji SI lazima ziwe sifuri, zinatakiwa zilingane tu. Nishaona mtu anafuta jibu sahihi kwa sababu kapata +2 pande zote akadhani kakosea. Ukiwa na −3 kushoto na −3 kulia uko salama.

Sasa vyanzo, kwa mpangilio wa jinsi vinavyotokea. Cha kwanza, umeruka hatua ya kubalansi ikwesheni nzima, umekimbilia ioni moja kwa moja. Kwa mashapo mepesi unaweza kupona, ila kwenye metali kumfukuza mwenzake utaumia. Aluminiamu na ioni za shaba, mathalani, zinatoka hivi: 2Al(s) + 3Cu²⁺(aq) → 2Al³⁺(aq) + 3Cu(s), yaani +6 na +6, na huwezi kuipata kwa kubahatisha namba kama hujui nani anaachia elektroni ngapi.

Cha pili, chaji ya ioni yenyewe umeikosea. Chuma ndo msumbufu mkuu. Chuma kikiingia kwenye asidi haidrokloriki au kikifukuza shaba kwenye mmumunyo kinatoka kama Fe²⁺, siyo Fe³⁺, hivyo Fe(s) + Cu²⁺(aq) → Fe²⁺(aq) + Cu(s). Kwenye FeCl₃ tayari ni Fe³⁺. Angalia fomula uliyopewa uhesabu kinyumenyume: kloraidi tatu zenye −1 kila moja zinadai +3. Fedha ni +1, zinki ni +2, aluminiamu ni +3, hizo zikae kichwani.

Cha tatu ni kukata kiholela. Kushoto una 2Cl⁻, kulia una 1Cl⁻, unafuta zote. Hapana, kata moja kwa moja, ile iliyozidi inabaki. Na Cl⁻ haikatwi na Cl₂, wala Cu²⁺ haikatwi na Cu, hata kama herufi zinafanana. Mtazamaji lazima afanane kila kitu: fomula, chaji na hali. Ndo maana kwenye klorini kufukuza bromini tunabakiwa na Cl₂(aq) + 2Br⁻(aq) → 2Cl⁻(aq) + Br₂(aq), hakuna wa kumkata pale, mtazamaji ni Na⁺ au K⁺ aliyekuja na bromaidi.

Halafu kuna ile kesi nzito ya pamanganeti. Mtu anaandika MnO₄⁻ + 8H⁺ + Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + Fe³⁺, anahesabu atomu zote ziko poa, Mn moja, O nne, H nane, Fe moja. Chaji je? Kushoto −1 + 8 + 2 = +9, kulia +2 + 3 = +5. Ukiona hivi acha kabisa kubalansi kwa macho, igawe nusu mbili. Nusu ya kwanza MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O. Nusu ya pili Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻. Zidisha ya pili mara 5 ili elektroni zilingane, jumlisha:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + 5Fe³⁺

Kushoto +17, kulia +17. Ukiona oksijeni inahama hama na chaji ya metali inabadilika, nenda moja kwa moja kwenye nusu mbili, usipoteze muda.

Dalili: jibu linaonekana sawa ila mwalimu anasema "hii haivunjwi"

Mtu kaona (aq), akavunja. Au hata hakuona (aq), akavunja tu kwa sababu kitu kina metali.

Cheki rahisi kwanza: kila chenye (s), (l) au (g) kinabaki kizima. Kalsiamu kaboneti kwenye asidi haidrokloriki:

CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Ile CaCO₃ ni jiwe, huwezi kuiandika Ca²⁺ na CO₃²⁻ upande wa kushoto. Ukifanya hivyo utaikata Ca²⁺ na utabaki na ikwesheni ya kaboneti iliyoyeyuka, ambayo ni ya Na₂CO₃, siyo ya hili jiwe. Mitihani inapenda sana huu mtego.

Cha pili, asidi dhaifu. Asidi kali unazozivunja ni chache: HCl, HBr, HI, HNO₃, HClO₄ na H₂SO₄. Nyingine zote utakazokutana nazo sekondari, asidi ya ethanoiki, HF, asidi fosforiki, asidi kaboniki, unaziacha nzima kwa sababu ndani ya maji molekuli nyingi bado hazijaachana. Amonia nayo ni besi dhaifu, inaandikwa NH₃. Kwa hiyo asidi ya ethanoiki na sodiamu haidroksaidi siyo H⁺ + OH⁻, ni:

CH₃COOH(aq) + OH⁻(aq) → CH₃COO⁻(aq) + H₂O(l)

Umeona? Chumvi ya asidi dhaifu (CH₃COONa) inavunjwa vizuri tu, ni asidi yenyewe ndo haivunjwi. Watu wanachanganya hapo, wakisikia "dhaifu" wanaacha na chumvi yake nzima.

H₂SO₄ ina utata wake: haidrojeni ya kwanza inaachana kabisa, ya pili haiachani yote, inabaki kiasi cha HSO₄⁻. Madarasa mengi ya sekondari yanaandika 2H⁺ na SO₄²⁻ bila ugomvi, mengine yanataka H⁺ na HSO₄⁻. Fuata kozi yako.

Cha tatu, bidhaa zisizokaa. H₂CO₃ ikitokea kwenye karatasi yako ibadilishe iwe H₂O na CO₂. H₂SO₃ iwe H₂O na SO₂. "NH₄OH" iwe NH₃ na H₂O. Chumvi ya amoniamu ukiipasha na alkali, ikwesheni ni NH₄⁺ + OH⁻ → NH₃ + H₂O, na ile harufu kali inayotoka ndo hiyo NH₃.

Dalili: ioni zangu zina sura za ajabu, Na₂²⁺, Cl₂⁻, S⁶⁺ na O²⁻

Namba ndogo ya chini imehamishwa vibaya. Na₂SO₄ ukiivunja unapata 2Na⁺ na SO₄²⁻ moja. Ile 2 ya sodiamu inahesabu ioni, kwa hiyo inaruka kwenda mbele. Ile 4 ya salfeti ni sehemu ya mwili wa ioni, haiendi popote. Salfeti, naitreti, kaboneti, fosfeti, haidroksaidi na amoniamu zinatembea kama kipande kimoja, usizichane. Yakitokea mabano, kilicho ndani ya mabano ni ioni moja na namba ya nje ndo idadi yake.

Tupitie moja yenye mabano mpaka mwisho, aluminiamu salfeti na bariamu kloraidi:

Al₂(SO₄)₃(aq) + 3BaCl₂(aq) → 3BaSO₄(s) + 2AlCl₃(aq)

Ikivunjwa: 2Al³⁺ + 3SO₄²⁻ + 3Ba²⁺ + 6Cl⁻ → 3BaSO₄(s) + 2Al³⁺ + 6Cl⁻. Ile 6 imetoka kwenye 3 ya mbele mara 2 ya chini, na upande wa pili 2 mara 3, ikikutana sita kwa sita ujue fomula zako zimekaa. Kata aluminiamu, kata kloraidi, zinabaki 3Ba²⁺ + 3SO₄²⁻ → 3BaSO₄, gawa kwa 3:

Ba²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s)

Hapo kwenye kugawa ndo wengine wanakatwa maksi, wanaacha 2H⁺ + 2OH⁻ → 2H₂O wakati ilitakiwa ishuke iwe H⁺ + OH⁻ → H₂O. Lakini usigawe nusunusu! Bariamu haidroksaidi na asidi salfuriki inaishia Ba²⁺ + 2OH⁻ + 2H⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄(s) + 2H₂O(l), humo hakuna mtazamaji hata mmoja na hakuna cha kugawa, kwa sababu Ba²⁺ ni moja. Anayeandika H⁺ + OH⁻ → H₂O peke yake kaacha nusu ya mmenyuko mezani.

Dalili: karatasi inasema hivi, testi tyubu inaonyesha vingine

Mashapo yametokea mahali ambapo hayakutakiwa: mara nyingi ni maji. Ukitumia maji ya bomba badala ya yaliyochujwa kwa mvuke, silva naitreti (ile AgNO₃) itaweka ukungu mweupe kabla hujaongeza chochote, ni kloraidi ya majini inaitikia. Rudia kwa maji safi ya maabara. Ikiwa ukungu umetokea kwenye NaOH na BaCl₂, shuku NaOH iliyokaa wazi muda mrefu, inakula CO₂ ya hewani na kutengeneza kaboneti, ndo hiyo inakupa BaCO₃.

Mashapo yametokea halafu yamepotea: umezidisha kitendanishi (kemikali unayoongeza), na unahitaji ikwesheni ya pili. CO₂ kwenye maji ya chokaa inaanza na Ca²⁺ + 2OH⁻ + CO₂ → CaCO₃(s) + H₂O, ukiendelea kupuliza weupe unaondoka kwa CaCO₃(s) + CO₂ + H₂O → Ca²⁺ + 2HCO₃⁻. Al(OH)₃ inapotea kwenye NaOH ya ziada, Al(OH)₃(s) + OH⁻ → [Al(OH)₄]⁻. Cu(OH)₂ ya bluu mpauko kwenye amonia ya ziada inageuka bluu nzito iliyokolea, Cu(OH)₂(s) + 4NH₃ → [Cu(NH₃)₄]²⁺ + 2OH⁻.

Mmenyuko umeanza na mapovu kisha umezimika wakati jiwe bado lipo: kama ni CaCO₃ kwenye asidi salfuriki, salfeti siyo mtazamaji tena, CaSO₄ inalifunika jiwe kwa nje na asidi haifiki ndani.

Hapa simama, muite mwalimu au mtu wa maabara

Kwenye karatasi, simama pale jedwali lako na jedwali la mtihani vinapopingana. CaSO₄, Ca(OH)₂ na Ag₂SO₄ ziko katikati, kozi moja inaziita zinayeyuka, nyingine haziyeyuki, hutalimaliza hilo kwa kufikiria, uliza wanatumia lipi. Simama pia kama swali halina maji kabisa, chumvi iliyoyeyushwa kwa moto kwa mfano, au kama ni asidi salfuriki au naitriki isiyopunguzwa makali ikiwa na shaba, maana hapo asidi haifanyi kazi ya H⁺ tu, inatoa SO₂ au NO₂, na kanuni za juu hazikutoshi.

Kwenye benchi mambo ni makali zaidi. Usihakiki ikwesheni kwa kuchanganya chupa zisizo na lebo. Chumvi za risasi na za bariamu zinazoyeyuka ni sumu (BaSO₄ yenyewe haidhuru kwa sababu haiyeyuki, ila usijidanganye kwamba BaCl₂ ni hivyohivyo), mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki, yanaenda kwenye chombo cha taka alichokuonyesha mwalimu. Silva naitreti inaacha madoa meusi kwenye ngozi, vaa glavu na miwani. Asidi isiyopunguzwa makali unaimimina ndani ya maji polepole, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Na dawa ya kung'arishia nguo yenye haipokloraiti isikutane na asidi hata kwa majaribio kidogo: ClO⁻ + Cl⁻ + 2H⁺ → Cl₂ + H₂O, imebalansi vizuri na ile Cl₂ ni gesi ya sumu. Ukisikia harufu ya klorini au macho yakianza kuwasha, usibaki kuokoa vifaa, toka nje, watoe na wenzako, halafu mwite mwalimu.